Mshale Kwenye Nusu

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Paa la gereji linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya betri. Basi dogo la shule: taa za nyuma zinawaka zenyewe. Nimelitazama mpaka jioni. Kesho tena.

Ijumaa, 14 Machi

Kifua kimembana Mama. Pumu yake na baridi hii haviivani kabisa. Nimemwachia mdogo wangu pikapu ili ikibidi amkimbize kliniki. Mimi gereji naenda kwa miguu, si mbali.

Yeye ndiye anayeishi na Mama. Kwetu anaitwa Baadaye. Utotoni, ukimtuma maji, baadaye. Ukimtuma sabuni, baadaye. Sasa ana miaka thelathini na nne na jina limemganda. Nimemwambia, "Mafuta uangalie." Kasema, "Naangalia, kaka." Haya.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Nimelala.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amefariki.

Jumatatu, 24 Machi

Tulimzika Jumamosi. Leo ndiyo mkono umekubali kushika kalamu. Daftari hili ni la kazi, la kuandikia magari ya watu, lakini sina pengine pa kuandika.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa chini ya lile basi dogo simu ilipolia.

"Kaka, gari limezima hapa kwenye mlima wa kiwanda cha matofali. Mama hapumui vizuri."

"Limezima vipi?"

"Limekohoa tu, likazima. Kama vile mafuta yameisha."

"Mafuta? Mjinga wewe! Unambeba mgonjwa bila kuangalia geji?"

"Geji inasema nusu, kaka. Naiangalia hivi sasa. Iko nusu."

"Nusu gani hiyo ya gari kuzima? Omba mafuta kwa wanaopita!" Nikakata simu, nikatoka mbio kutafuta pikipiki.

Nilipofika mlimani nilikuta pikapu tupu, milango wazi, mvua inaingia ndani hadi kwenye kiti. Pembeni kulikuwa na kidumu. Nilikuja kusikia kwamba dereva mmoja wa lori aliwapa lita tano, wakazitia, gari likagoma kuwaka. Ni kawaida. Injini ya dizeli ikikauka huvuta hewa kwenye mabomba, na hata ukiijazia tangi haiwaki mpaka uitoe hewa hiyo kwa ile pampu ndogo ya mkono kwenye chujio. Mdogo wangu hakulijua hilo.

Kliniki nilimkuta Mama amefunikwa shuka. Yeye alikuwa ameketi sakafuni kwenye ukumbi, amelowa chapachapa, miguu yote matope. Aliniangalia. Mimi nikampita, nikaingia kwa Mama. Sikumuuliza kitu.

Ijumaa rafiki yangu mwenye lori aliivuta pikapu kwa kamba mpaka kwangu, kwa ile barabara ya mashimo. Jana, ukoo ukiwa bado umekusanyika, Mjomba akamwita mdogo wangu katikati ya sebule yangu.

"Tuambie, baba. Ilikuwaje gari likaishiwa mafuta na mgonjwa yumo ndani?"

"Geji ilisema nusu, Mjomba."

Mjomba akanigeukia. "Wewe ndiye fundi."

Nikasimama. Nikachukua ufunguo, nikatoka uani, watu wote wakanifuata. Nikamketisha Mjomba kwenye usukani aone kwa macho yake. Nikawasha swichi. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye tupu, wala haukutikisika; zile lita tano za lori ni chache mno kuunyanyua. Nikamimina kidumu kizima cha dizeli. Mshale ukaanza kupanda taratibu, kama unavyotakiwa.

"Geji nzima," nikasema. "Mwaka jana niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe."

Mdogo wangu aliukazia macho ule mshale. Kisha akanikazia macho mimi. "Mimi niliona nusu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Mjomba akatikisa kichwa. "Kukosea, mwanangu, tungekusamehe. Lakini kudanganya juu ya kifo cha mama yako?"

Binamu mmoja akasema nyuma ya watu, "Mafuta angeweka baadaye." Wawili watatu wakacheka kwa pua. Na mimi, naliandika hili kwa sababu ni kweli, nilitabasamu.

Aliondoka bila kuaga. Mke wangu alibeba sahani ya chakula akamfuata hadi barabarani, akarudi nayo vilevile.

Jumatano, 26 Machi

Basi dogo limekwisha. Ilikuwa soketi imeingia maji.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepita nyumbani kwa Mama. Pamefungwa. Jirani anasema mdogo wangu ameondoka na begi moja, hakusema anakwenda wapi. Simu yake haipatikani.

Nimemwambia mke wangu, "Amekimbia. Angekuwa msafi angekimbia?"

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Magari ya watu unayapima mara tatu ndipo useme ubovu. Ndugu yako umempima mara moja."

Tumelala tumenuniana.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Wateja wawili, wote wanataka kazi iwe imekwisha tangu jana.

Jumatano, 9 Aprili

Leo asubuhi nilichukua pikapu kwenda kumwangalia mteja nje ya mji. Nilipofika karibu na shule ya ufundi, barabara tambarare kabisa, injini ikapiga chafya mara mbili, ikazima.

Nikatazama geji. Nusu.

Niliketi pale, mikono kwenye usukani, mvua inapiga bati la juu. Nikazima swichi, nikawasha. Nusu. Nikashuka, nikafungua mfuniko wa tangi, nikaingiza ufito. Ulitoka mkavu, umelowa ncha tu. Nikarudi ndani. Nusu.

Kisha nikafanya kitu ambacho hata mtoto angefanya. Nililala chini kwenye maji, nikalipiga tangi teke, mara moja, mara mbili. Nikarudi kuangalia. Mshale ulikuwa unashuka mbele ya macho yangu, taratibu, mpaka ukalala chini kabisa.

Ile pikapu ilivutwa na lori kwenye mashimo, kilomita sita. Ilirushwarushwa kuliko mateke yangu mawili.

Nilipata dizeli. Nikafungua chujio, nikapiga pampu ya mkono, hewa ikatoka kwa mapovu, gari likawaka. Dakika tano hazikufika. Na mimi siku ile nilikuwa na simu mkononi, naye yuko upande wa pili ananisikiliza. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia maneno kumi. Nilichagua "mjinga wewe".

Ijumaa, 11 Aprili

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechomoa plagi ya waya unaotoka kwenye tangi. Mshale ukaenda mwisho wa upande mmoja. Nimeushikiza waya huo kwenye bodi ya gari, mshale ukaenda mwisho wa upande wa pili. Maana yake geji ya dashibodi ni nzima, na waya ni mzima kutoka mbele hadi nyuma.

Nilikuwa naomba iwe waya. Waya hukatika wenyewe, hauna mwenye kosa.

Alhamisi, 17 Aprili

Amekuja muuguzi wa kliniki na kigari chake. Honi inalia yenyewe kila akikata kona kushoto. "Mtaani wananiambia nina hasira," anasema, "na mimi natoka zangu kazini nimechoka." Tumecheka. Kisha akanitazama vizuri.

"Wewe si ndugu wa yule aliyemleta mama yake mgongoni?"

Nikasema ndiyo.

"Yule kijana anaendeleaje? Mimi ndiye niliyempokea getini. Alikuwa pekupeku. Viatu alivivua kwa sababu ya utelezi, asimwangushe. Kutoka kiwanda cha matofali, kaka yangu! Mtu mzima mgongoni, mvua ile!" Akaegemea mlango wa kigari chake. "Alikuwa anarudia neno moja tu. Kwamba njiani mama alikuwa anamwambia, 'Nishushe, mwanangu, upumzike.' Kila baada ya hatua chache, nishushe upumzike. Halafu akaacha kusema. Yeye akadhani amesinzia, akafurahi."

Nilishika bisibisi ile ya honi, nikawa natafuta skrubu ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

"Hakuwaambia?" akauliza.

"Hatukumuuliza."

Jumatano, 23 Aprili

Nimefungua sakafu ya pikapu nyuma na kukitoa kifaa cha ndani ya tangi. Sisi tunakiita floti: mkono mwembamba wa waya, mwishoni kuna boya. Mafuta yakipungua boya linashuka, mkono unashuka nalo, na umeme unaopita unabadilika. Ndivyo geji inavyojua.

Nimekiweka mezani, nikakifunga kwenye mita ya kupimia umeme, nikaupandisha mkono kwa kidole. Namba zikapanda bila kuruka. Nikaushusha, zikashuka. Mara ishirini. Kizima. Nimesafisha maungio yote ya waya, nimekirudisha, nimejaza lita kumi, nimezunguka mji. Geji ikasoma sawasawa. Ningekuwa fundi mwingine ningesema kazi imekwisha.

Lakini mkono ule niliuona mezani ulivyo. Una kona ambayo kiwanda hakikuiweka. Niliiweka mimi.

Mwaka jana floti ya asili ilikatika. Ya aina ile haikupatikana, nikachukua ya gari jingine, ndefu kidogo, nikaukunja mkono kwa koleo ili uenee. Mteja angeniletea kazi kama hiyo ningemfokea aliyeifanya. Lakini gari lilikuwa langu, na nilikuwa na haraka. Nakumbuka nilijisifu kwa mke wangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ilikatika asubuhi. Nimelishusha tangi lote.

Nililiosha kwa maji na sabuni mpaka harufu ikapungua, nikaliweka juu ya viti viwili uani. Nikafunga ile floti, nikaiunga kwenye mita, nikajaza maji kwa mpira mpaka juu. Kisha nikafungua kizibo cha chini, maji yatoke kidogokidogo, kama injini inavyokunywa.

Mara ya kwanza namba zilishuka vizuri mpaka mwisho. Mara ya pili vilevile. Mara ya nne vilevile. Mke wangu alitoka na kikombe cha chai, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Nikafikiri pengine mlima ndiyo sababu, nikaliinua tangi upande mmoja kwa tofali, lilale kama gari linavyopanda.

Namba zikashuka. Zikafika katikati. Zikasimama.

Maji yaliendelea kutoka. Robo. Chini ya robo. Namba hazikusogea. Maji yakaisha, tone moja moja, na mita bado inasema nusu.

Nikamulika kurunzi ndani kupitia tundu la kujazia. Ile kona niliyoikunja ilikuwa imenasa kwenye bomba jembamba la kurudishia mafuta. Boya lilikuwa linaning'inia hewani, chini yake hakuna kitu. Ikishanasa mlimani, hata ukifika tambarare haiachii mpaka itikiswe.

Mke wangu akauliza, "Ndiyo hiyo?"

Nikasema, "Ndiyo hii."

"Kwa hiyo shemeji alisema kweli."

Nilipiga magoti pale kwenye matope ya maji niliyoyamwaga mwenyewe, nikalia, mtu mzima, mbele ya tangi. Aliweka kikombe chini, akanishika shingo kwa nyuma, akaniacha nilie.

Jumapili, 27 Aprili

Sijatoka kitandani.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata floti ya aina yenyewe kwa wauza spea za magari yaliyovunjwa. Nimeifunga. Nimelijaribu tangi kwa maji limelala sawa, limelala upande, limeinuliwa kama mlimani, mara kumi kila namna. Inashuka mpaka tupu. Nimelikausha, nimelirudisha, nimejaza dizeli.

Ukiacha majaribio, kazi yenyewe ni ya saa moja.

Jumapili, 4 Mei

Nimemuuliza mke wangu anadhani shemeji yake yuko wapi.

"Kiwanda cha mbao, kule mto unapogawanyika. Anapanga mbao."

"Umejuaje?"

"Nampigia kila Jumapili tangu alipoondoka. Ana laini mpya. Mtu amefiwa na mama, unataka asipigiwe na yeyote?"

Nimeoa mwaka wa kumi na tatu huu. Nilidhani namjua.

Jumapili, 11 Mei

Nilikwenda kwa basi. Ile pikapu sikuthubutu kuifikisha mbele yake.

Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, anakula mkate mtupu. Amekonda. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, kama mfanyakazi aliyefumaniwa na msimamizi.

"Shikamoo, kaka."

Salamu ile ilinichoma kuliko tusi. "Marahaba. Kaa, mdogo wangu. Nimekuja kukuambia jambo."

Nilikuwa nimefunga ile floti mbovu kwenye gazeti. Nikaitoa, nikamwonyesha ile kona, nikamweleza bomba liko wapi, boya linanasa vipi gari likipanda, na kwa nini siku ile mbele ya watu mshale ulikuwa chini. Nikamwambia nani aliikunja.

Aliushika ule mkono wa waya, akaupandisha na kuushusha.

"Kwa hiyo niliona?" akauliza.

"Nini?"

"Nusu. Niliona kweli?"

"Uliona kweli."

Akaiweka floti mapajani. "Mimi, kaka, nilishakubali. Wewe ndiye fundi. Ukisema geji nzima, basi ni nzima. Nikajiambia sikuangalia vizuri, nikajiambia niliangalia mshale wa joto. Tangu Machi naufikiria ule mshale. Nikifika kwenye kuuona, siuoni tena. Nilijua nimemuua Mama, ila sikumbuki nilimuua saa ngapi."

Nikasema, "Nisamehe."

Alilia kwa muda mrefu, mkono umeziba macho, na wenzake wakajifanya wanahesabu mbao. Alipotulia aliniuliza, "Ungekuwa wewe unaendesha, ungejua?"

"Nisingejua. Ningeona nusu, ningeondoka."

Akatikisa kichwa. "Kawaambie wao. Mimi nilisimamishwa mbele za watu."

"Turudi wote."

"Hapana, kaka. Wewe nenda. Mimi hadi sasa, ukizungumza, naisikia ile sauti yako ya kwenye simu siku ile."

Jumapili, 18 Mei

Nimewaita wote, sebule ileile. Nimesimama katikati, pale alipokuwa amesimama. Nimeeleza kila kitu, na la simu pia, na la hewa kwenye mabomba. Binamu yule mwenye mdomo alikuwa anatazama kucha zake.

Mjomba aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilimwita mwongo mtoto wa dada yangu kwa sababu wewe ulinikalisha kwenye usukani."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mimi nikakaa." Akavua miwani. "Nipeni namba yake."

Alitoka nje kuzungumza naye. Dirishani tulimwona ameinama, simu sikioni, mkono wa pili unapangusa uso. Aliporudi hakutuambia walichosema.

Jumapili, 25 Mei

Mvua inapungua. Sijafungua gereji wiki nzima.

Jumatano, 28 Mei

Nimefungua. Muuguzi amerudi, honi sasa hailii hata akibonyeza.

Jumamosi, 7 Juni

Jua kali. Matope yamekauka yakawa na nyufa.

Mdogo wangu amekuja kuchukua kitanda cha Mama. Amepanga chumba kulekule kwenye mbao, hakina kitanda. Alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia, nami nikaenda kule kwa Mama bila kualikwa. Nilimkuta amekwishatoa godoro, anapambana na fremu mlangoni. Nikashika upande wa pili. Hakunifukuza.

"Kilaze," akasema. "Hapana, huku. Miguu itangulie."

Kikatoka. Nilikuwa nimeacha pikapu kwenye kona. Aliiona, akaangalia pembeni. Akasema kuna gari la kiwanda litampitia barabara kuu. Basi tukakibeba kitanda kwa mikono, yeye mbele, mimi nyuma, tukipita kati ya watu. Ni kitanda cha mbao ngumu, kizito. Tulipofika nusu ya njia mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tupumzike.

Mwishowe mimi ndiye niliyesema.

Tukakitua kando ya barabara. Akaketi kwenye ubao wa fremu. Nami nikaketi ubao wa upande wa pili, tukapeana migongo. Wapita njia walitushangaa. Mama mmoja akauliza kama kinauzwa.

"Hakiuzwi, mama," akajibu.

Viatu alivyovaa ni vipya, vya turubai. Vile vya zamani, nadhani, hakuna aliyerudi kuvichukua mlimani. Nilikuwa na miezi mitatu ya maneno kooni, ya kujieleza, ya kuomba radhi tena. Nikayameza yote. Nikamuuliza kile ambacho sikumuuliza siku ile nilipompita kwenye ukumbi wa kliniki.

"Ilikuwaje, mdogo wangu?"

Malori mawili yalipita. Kisha akaanza tangu asubuhi, tangu Mama alipomwomba amfunge kitambaa kichwani kabla ya kutoka. Sikumkatiza.